Katambuga zangu zenye misumari mitatu: zilivyoniponya miguu, zikaniokoa na kesi ya mkungu, kisha zikanianika

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo poleni na majukumu.

Huu ni uzi wa viatu. Najua kuna mtu ameona neno viatu anataka kupita. Kaka, kaa kidogo. Humu ndani kuna mkungu wa ndizi, kuna mkutano wa kitongoji, na kuna mwanaume mzima mwenye cheo kwenye jumuiya aliyefuatwa nyayo zake na watu kama arobaini mchana kweupe. Mwanaume mwenyewe ni mimi. Chumvi siongezi, ilivyo tu inatosha kuniaibisha.

Kunihusu kwa ufupi: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Ngara, kazi nafanyia Biharamulo, kata ya Nyarubungo. Nina mke, tumuite mama Kelvin, na watoto wawili.

Halafu nina miguu mipana. Hili lishikeni, lina kazi huko mbele.

Mpaka darasa la tano nilikuwa natembea peku, kwa hiyo vidole vyangu vilikua vinavyotaka vyenyewe. Kila kimoja kina upande wake. Viatu vya dukani vimetengenezwa kwa watu ambao vidole vyao vinaelewana.

Sasa ualimu ni kazi ya kusimama. Vipindi sita umesimama, mstari wa asubuhi umesimama, mwalimu mkuu akianza matangazo ndiyo unasimama mpaka unamsahau jina. Mguu ukiuma, hata mtoto aliyepata jibu unamuona amekosa.

Kiatu changu cha kwanza cha kazi kilikuwa moka nyeusi, mchongoko wa maana. Nilikinunua Ngara mjini kwenye mitumba, asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Nikakijaribu nimekaa. Kilibana kidogo mbele, muuzaji akaniambia usijali mwalimu, hiyo ngozi itapanuka.

Wakuu, ngozi iliyopanuka ilikuwa yangu. Ikapanuka, ikajaa maji, ikapasuka.

Kosa langu nilikuja kuambiwa baadaye: mguu wa asubuhi siyo mguu wa saa tisa. Ukishinda umesimama unavimba. Ukinunua kiatu asubuhi ukiwa umekaa, umemnunulia mtu mwingine. Ilifika mahali nafundisha nimekaa juu ya meza, mwalimu mkuu akipita dirishani namwambia ni mbinu shirikishi.

Masika ilipoanza nikahamia kwenye gambuti. Barabarani gambuti ni mfalme, hapo sibishani na mtu. Tatizo ni darasani. Ikifika saa nne ndani ya buti kunachemka, na nikivua nyumbani mama Kelvin anafungua dirisha bila kusema neno. Mke asiposema neno, hapo ndipo amesema.

Nikajaribu yeboyebo. Nyepesi, zinapitisha hewa, ukizisuuza zimekauka. Lakini ule udongo wetu mwekundu ukilowa hauna urafiki na plastiki. Niliteleza kwenye mteremko wa shule nimebeba madaftari ya darasa la sita, nikashuka nayo mpaka chini, siku hiyo hiyo wazazi wamekuja kikao. Mzazi mmoja aliniambia pole mwalimu huku amefunika mdomo na kanga.

Za ndani nilikuwa na ndala, na ndala sina ugomvi nazo, mradi zibaki nyumbani. Ndala ikitoka nje ya uzio inatafuta mahali pa kukatikia.

Ndipo nikaenda gulioni kumuona fundi Leonsi.

Huyu ni mtu wa Nyamigogo, anakuja kila Jumamosi na tairi la lori, kisu, nyundo na ndoo ya maji ya kulowekea kisu. Anatengeneza katambuga, zile sandali za tairi. Ana mdomo mchafu na wateja wote anawaona wajinga. Nilimwambia saizi yangu, akasema hapa hatupimi namba, tunapima mguu.

Akanivua moka, akazigeuza chini juu, akaangalia soli muda mrefu. Halafu akanisimamisha juu ya tairi nikiwa na begi langu la madaftari mgongoni, kwa sababu mguu wenye mzigo unatanuka. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, miguu imeshavimba ya kutosha. Akachora kwa chaki kufuata mguu wenyewe ulivyo, pamoja na kile kidole changu kidogo chenye safari zake.

Kwenye kisigino cha kushoto akaongeza kipande cha raba upande wa nje, akakipigilia. Nikamuuliza cha nini. Akasema mguu wangu wa kushoto unakanyaga nje, nitamaliza soli upande mmoja na goti litanidai. Nilishangaa kuona mtu amenijua goti kwa kuangalia kiatu.

Kwenye benchi nilikaa na mzee Adronis, jirani yangu, mume wa mama Evodi. Naye alikatiwa zake kwenye tairi lile lile, kisha akazikunja ndani ya gunia, akaondoka na gambuti zake za siku zote. Nikamuuliza mbona havai. Akasema hizi ni za mambo yangu.

Wakuu, zile katambuga ni raha. Sijui nisemeje. Siku ya kwanza nilisimama vipindi vyote sita nikasahau kama nina miguu. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nimehamia machungani, nikamwambia mkuu, ukitaka nifundishe nimesimama, hivi ndivyo nitasimama. Akaziangalia. Wiki iliyofuata alinituma nimuulizie fundi kama ana tairi lingine.

Sasa tuingie kwenye aibu.

Ilikuwa Kwaresima. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na Jumatano ya Majivu kila mtu alisema atajinyima nini. Kuna waliosema sukari, kuna waliosema umbeya. Mimi nikasimama mbele ya wote nikasema naacha rubisi siku zote arobaini. Rubisi kwetu Ngara tunaita urwagwa, ile pombe ya ndizi. Nilipigiwa makofi. Mama Kelvin aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tangu ndoa.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, mvua ilipiga asubuhi ikakatika. Mama Kelvin akaenda gulioni na watoto. Nikabaki na madaftari ya kusahihisha, na kiu.

Nikavaa katambuga, nikapita njia ya kisimani, nikaingia kwa mama Sperata anayepika rubisi.

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili akaingia mzee Adronis. Amevaa katambuga zake, begani ana mkungu mkubwa wa ndizi za kupika, umefungwa kitambaa chekundu kwenye kikonyo. Akamkabidhi mama Sperata, akasema hiyo ni ya kunywea mpaka uishe.

Nikamwamkia shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, akauliza, "Katibu, Kwaresima inakwendaje?"

Nikajibu, "Tunaendelea vizuri mzee wangu."

Tukacheka. Mama Sperata akakata vichane viwili, akapika na maharage, akatugawia. Nikala, nikaongeza. Zilikuwa ndizi tamu sana, siwafichi. Sikufikiria lolote, mtu na ndizi zake. Nikarudi nyumbani, nikatafuna majani ya mpera kuua harufu, nikaacha katambuga mlangoni.

Jumapili tumetoka kanisani, tunasikia kilio. Mama Evodi anaita majirani, ameibiwa mkungu.

Ule mkungu, wakuu, hakuna asiyeujua. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Pasaka, wageni wanatoka Ngara, na mama Evodi alikuwa ameutunza ule mkungu na kuusemesha. Alikuwa ameufunga kitambaa chekundu ili hata mume wake asiukate kwa bahati mbaya.

Nikasikia kitambaa chekundu, nikakumbuka bega la mzee Adronis.

Migombani kulikuwa na nyayo. Jua lilikuwa limewaka tangu jana mchana, udongo umekauka na nyayo zikabaki ndani yake. Kashata za tairi la lori, ile michoro ya chini, zimeonekana zote. Mwenyekiti wa kitongoji akaufunika unyayo mmoja mzuri kwa beseni kuku wasiuchakure, akakata kijiti sawa na urefu wake, watu wakaanza kutembea na kijiti.

Huku kwetu kijiti kinaheshimika. Mtu akienda mjini kukununulia kiatu, unampa kijiti cha urefu wa mguu wako. Kwa hiyo kijiti kilipofika mlangoni kwangu kikalazwa juu ya katambuga yangu na kikaenea bila kupungua wala kuzidi, hapakuwa na cha kuongea. Kashata ni zile zile, urefu ni ule ule.

Mwenyekiti akasema kijiti hakina undugu na mtu.

Mama Evodi alikaa chini mlangoni kwangu akalia. Hakunitukana. Aliuliza tu kama watoto wangu walilala njaa, kwamba si ningemwambia.

Mama Kelvin akanigeukia. "Baba Kelvin, Jumamosi ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nasahihisha madaftari.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba. Mkungu ulipo nilikuwa napajua, aliyeukata namjua, na mashahidi wangu wapo. Ila mashahidi wenyewe ni mama Sperata na vikombe viwili, na mimi ndiye katibu niliyepigiwa makofi. Nikasema moyoni jambo hili litapoa lenyewe.

Jambo halikupoa. Jumatatu asubuhi niliingia darasani nikakuta ubaoni pamechorwa ndizi. Mwalimu akishaitwa mwizi kijijini, wakuu, kazi imekwisha. Huwezi kumwambia mtoto usiibie mtihani huku anakuangalia miguu. Nilifuta ile ndizi, nikafundisha kugawanya kwa desimali, na sikumbuki nilichofundisha.

Jioni, mkutano kwa mwenyekiti. Kitongoji kizima, jumuiya nzima. Mzee Adronis amekaa mbele na gambuti zake. Akasimama akasema tusiwe wepesi wa kuhukumu, mwalimu ni mtu mwema, hata yeye mwenye mali amesamehe. Ndiye mtu pekee aliyenitetea siku ile. Mimi namwangalia, yeye ananiangalia, kila mmoja ameshika roho ya mwenzake.

Mkewe akamjibu kwamba yeye hajasamehe, na mali ni yake.

Mwenyekiti alikuwa amemuita fundi Leonsi aje aseme tairi lile alimkatia nani. Akafika kwa bodaboda, amekasirika kuacha kazi yake. Akaomba katambuga zangu. Akazigeuza chini juu, kama alivyozigeuza moka siku ile. Kisha akainua beseni, akachutama, akaangalia unyayo.

"Mwarimu," akasema, "wewe umewahi kuangaria chini ya kiatu chako?"

Nikasema hapana. Nani anaangalia chini ya kiatu chake?

Akainua katambuga ya kushoto watu waone. Kisiginoni upande wa nje kuna kile kipande cha raba, na misumari mitatu, vichwa vyake vimetokeza. Akaonyesha unyayo wa migombani, nao ulikuwa wa mguu wa kushoto. Kisigino kizima, laini, hakuna kipande, hakuna msumari. Halafu akaweka kiganja chake juu ya unyayo, akakiweka juu ya kiatu changu. Changu kilizidi vidole viwili kwa upana.

"Kijiti kinapima urefu," akasema. "Hakijui upana, hakijui msumari. Huyu mwizi wa mkungu ni mguu mwembamba, na wa kuria anauburuta. Tazameni ule mstari."

Hakutaja jina. Alinyanyuka tu akaosha mikono.

Watu wakaanza kuangalia miguu ya watu. Mama Evodi yeye hakuangalia miguu ya mtu yeyote, alikuwa anautazama ule mstari chini. Ameishi na huo mguu miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi.

Akasema taratibu, "Baba Evodi, simama utembee."

Mzee akasimama. Akatembea hatua nne kuelekea mlangoni, gambuti ya kulia inakwaruza chini. Hakuna aliyecheka. Akakaa tena, akainamisha kichwa.

Nilipumua wakuu. Kwa muda kama wa kusema Baba Yetu, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilaya ya Biharamulo. Mwalimu mkuu alinipa mkono. Mama Kelvin akaniegemea begani.

Kisha mama mmoja wa jumuiya, Mungu amuweke anapostahili, akauliza, kwani hizi nyayo za misumari mitatu zilizoko njia ya kisimani zenyewe zilikuwa zinaenda wapi?

Fundi akasema hilo ni rahisi, misumari inaonekana hata kwa kipofu.

Kijiji kikanyanyuka. Nilijaribu kusema jamani jioni imeingia, twendeni tukapumzike. Hakuna aliyenisikia. Watoto wangu wa darasa la sita walitangulia mbele wakisoma misumari: huu hapa, huu hapa. Darasani hawajawahi kusoma kwa bidii hivyo. Tukapita kisimani, tukapinda kulia, tukaingia moja kwa moja uani kwa mama Sperata. Na pale mlangoni misumari yangu na ule mguu wa kuburuta tulikuwa tumesimama pamoja, udongoni, tumekauka.

Mkungu ulikuwa umelazwa jikoni na kitambaa chake chekundu. Vichane viwili havipo.

Mama Sperata hakuhitaji kuulizwa. Alisema mzee aliuleta, na katibu alikuwepo, na alikula, na alisifia.

Mama Evodi akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanitemea mate. Akauliza, "Mwalimu, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na nimelia mlangoni kwako."

Akajitwika mkungu wake uliobaki akaondoka, na mume wake akamfuata nyuma akiburuta ule mguu.

Wakuu, nimeandika kwa utani kwa sababu ndivyo nilivyo, ila pale iliniuma na inaniuma mpaka leo. Kuitwa mwizi kuliniuma kwa sababu haikuwa kweli. Hili liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimwacha mama wa watu alie siku mbili ili mimi nionekane nafunga.

Ukatibu niliurudisha mwenyewe Jumapili iliyofuata, kabla hawajauomba. Wiki ya Mateso nilienda Ngara kwa mama yangu, nikachagua mkungu mkubwa kuliko wote migombani kwake, nikaupandisha gari. Niliposhuka nikajitwika, nikatembea kilomita zote mpaka kwa mama Evodi na katambuga zangu. Miguu haikuniuma hata kidogo. Nilitamani iniume.

Nilimkuta anafagia uwanja. Nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia nyayo zangu kutoka njiani mpaka mlangoni kwake, kushoto misumari mitatu, misumari mitatu, mpaka nilipokuwa nimesimama. Akasema, "Weka pale. Siku ya komunyo uje na mama Kelvin."

Tulienda. Mzee Adronis alikuwa anagawa chakula, amevaa katambuga zake hadharani. Za mambo yake zimekuwa za kila siku sasa, mkewe amesema atavaa hizo hizo ili ajulikane alipo.

Sasa kuhusu viatu, maana hapo ndipo nilipoanzia. Nunua alasiri, ukiwa umesimama, na mzigo wako wa kila siku ukiwa mgongoni. Upana kwanza, urefu baadaye. Muuzaji akikwambia kitapanuka, mrudishie. Gambuti iache shambani na ndala iache ndani, na kiatu cha kazi kiwe kile ambacho ukifika saa tisa hukikumbuki. Na kabla hujanunua kipya, geuza cha zamani uangalie kimelika wapi. Hapo ndipo utajua unavyotembea, siyo unavyodhani unatembea.

Mama Kelvin amenisamehe, nadhani. Ila tangu siku ile, kila jioni nikivua katambuga mlangoni, anapita anazigeuza soli juu. Hasemi neno.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kabla hujaja kunisema kwenye comment, vua hicho ulichovaa, kigeuze, utuambie kimelika upande gani na kimetoka wapi Jumamosi. Mimi sikuangalia mapema, kijiji kikaniangalizia.